Kuomba masaa ya kazi yabadilishwe sababu ya mtoto wa shule: yanayosemwa mtaani na ukweli wake

Kwanza niseme nilipotokea ili mjue siongei hewani. Mi ni mhasibu, ofisi yetu iko katikati ya jiji la Dar, naishi Kinyerezi, na wakati naanza haya mwanangu alikuwa darasa la pili. Basi la shule linampitia saa 11 na robo alfajiri, ndio, alfajiri, mtoto wa miaka 8 anavalishwa soksi huku kalala. Jioni linamshusha saa 10 kwa jirani. Mimi ofisini nilikuwa natoka saa 11, nikikutana na foleni ya kawaida tu nafika saa 1 na nusu usiku, nakuta kijana kasinzia kwenye kochi la watu na yunifomu yake, homuweki haijaguswa, na kwenye daftari la mawasiliano mwalimu kaandika kwa kalamu nyekundu "mzazi hajasaini", siku ya tatu mfululizo.

Ndo nikaanza kuulizia habari ya kubadilishiwa masaa, na kila niliyemuuliza akanipa jibu lake na karibu yote yalikuwa na kasoro.

"Ni haki yako kisheria, usiombe, wadai!"

Hili nililisikia kwanza na ndo linaloponza wengi. Watu wanasoma mambo ya nje halafu wanayaleta hapa kama yalivyo. Uingereza ni kweli, kuanzia 6 Aprili 2024 mfanyakazi anaweza kupeleka ombi la kubadili masaa tangu siku ya kwanza kazini, na mwajiri anatakiwa amalize kulijibu ndani ya miezi 2. Lakini hata huko haki yenyewe ni ya kuomba, sio ya kupewa, bosi ana sababu zake 8 za kibiashara ambazo sheria inamruhusu akatalie.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haina kipengele kinachosema mzazi wa mwanafunzi abadilishiwe masaa. Mzazi kapewa vitu vingine, mama anayenyonyesha ana mpaka masaa 2 kwa siku ya kwenda kunyonyesha, na mtoto akiumwa una siku 4 za likizo yenye malipo, ila hizo 4 ni jumla na zinachangia na misiba ya familia, haziongezeki kila homa ikirudi. Mtoto akishaachishwa ziwa na akiwa mzima wa afya sheria inanyamaza. Kwa hiyo ukiingia kwa bosi na sauti ya kudai, umeshaanza vibaya.

"Basi kama hakuna sheria haiwezekani, hata usijisumbue"

Hapa ndo nataka tukae kidogo maana watu wa HR wenyewe wanapotosha. Sheria imeweka dari, haijaweka saa ya kuingia. Inasema masaa ya kawaida yasizidi 9 kwa siku, 45 kwa wiki, na siku zisizidi 6. Hamna mahali imeandikwa lazima uingie saa 2 utoke saa 11, hayo ni mazoea ya ofisi na yako kwenye mkataba wako, na mkataba mkikubaliana pande mbili unabadilika.

Angalia hesabu yangu. Jumatatu mpaka Ijumaa saa 2 mpaka 11, toa saa moja ya kula, yanabaki masaa 8 mara siku 5 ni 40. Jumamosi saa 2 mpaka saa 7 mchana, masaa 5. Jumla 45 kamili. Sasa mimi alfajiri nishaamka, mtoto keshaondoka, nakaa nyumbani nazungukazunguka nikisubiri kupambazuke. Nikiingia saa 1 na kutoka saa 10 kampuni haipotezi hata dakika moja, ila mimi nachomoka kabla foleni haijakaza.

Kuna na njia nyingine wengi hawaijui, sheria inaruhusu wiki ya kubana masaa, mnaandikishana mkataba unafanya mpaka masaa 12 kwa siku pamoja na muda wa kula, bila kulipwa ovataimu, mradi siku zisizidi 5 na masaa ya kawaida yasizidi 45. Yani ukipiga siku 4 za masaa 11 ya kazi unapata 44 na siku ya tano unashinda na mwanao. Kwangu isingefaa, hizo siku nne mtoto ningemuona kwa picha tu, lakini najua nesi mmoja wa hospitali binafsi anafanya hivyo na ameridhika kabisa.

Kwa wa serikalini mambo yenu tofauti kidogo, masaa ni saa 1 na nusu mpaka 9 na nusu na mna kanuni zenu za utumishi, anzeni na mkuu wa idara.

"Mueleze bosi shida zako atakuelewa"

Hehe. Barua yangu ya kwanza ilikuwa ya kutia huruma, kurasa mbili, mtoto analala kwa jirani, sijui mimi ni mzazi peke yangu, sijui nini. Bosi akasoma akasema "pole sana mama, tutaliangalia". Likaangaliwa miezi miwili, kimya. Si kwamba ni mtu mbaya, nilimpa shida yangu bila kumpa jibu la shida yake.

Ya pili ilikuwa nusu ukurasa. Nikaweka masaa ya sasa na ninayoomba, jumla ni ile ile 45. Nikaandika nani atapokea simu za wateja kuanzia saa 10 mpaka 11, mwenzangu tulishaongea akakubali na mimi nikachukua kazi yake ya asubuhi ya kupanga ankara. Nikaomba majaribio ya miezi 3, ikishindikana narudi masaa ya zamani bila neno. Swali alilouliza bosi sikulitegemea kabisa, hakuuliza ufanisi wala nini, kauliza "saa 1 nani anakufungulia mlango?" Maana ufunguo anakaa nao mhudumu na anafika saa 1 na nusu. Nikaenda nikaongea na mlinzi wa zamu ya usiku, akapewa ufunguo wa akiba anausainia kwenye kitabu, ikaisha. Kwa hiyo kabla hujaandika tembea ofisini kwanza uone siku yako mpya itakwama wapi, ufunguo, gari la wafanyakazi, mashine ya kusaini mahudhurio, vitu vidogo kama hivyo ndo vinaua maombi.

"Mkishaelewana kwa mdomo inatosha"

Haitoshi. Masaa ya kazi ni moja ya vitu ambavyo mwajiri anatakiwa akupe kwa maandishi, na yakibadilika mabadiliko nayo yaandikwe. Bosi aliyekubali kwa mdomo akihamishwa, mpya anakuta wewe saa 10 umeshabeba begi, kwake huo ni utoro na unaandikiwa barua ya onyo. Hata kama ni imeli ya mistari mitatu, ipatikane.

"Utaruka chakula cha mchana utoke saa moja mapema"

Wengi wanafanya kimyakimya, ila ukifanya kazi zaidi ya masaa 5 mfululizo sheria inataka upate mapumziko ya dakika 60. Mwajiri makini hatasaini karatasi inayoyafuta, usiiweke kwenye barua.

"Ukiomba utakatwa mshahara" na "utafukuzwa"

Mshahara, inategemea umeomba nini. Kusogeza masaa sio kupunguza masaa, 45 ni 45. Ukiomba kupungua mpaka 35 hapo jiandae kukatwa na ni halali mkikubaliana.

Kufukuzwa kwa sababu umeomba tu, hiyo haikubaliki, kumwachisha mtu kazi kunataka sababu halali na utaratibu, na sheria imekataza ubaguzi kwa misingi ya majukumu ya familia, imetaja hivyo hivyo, majukumu ya familia. Ukiachishwa kwa uonevu una siku 30 za kufungua shauri CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Lakini sitawadanganya, kama una chini ya miezi 6 kazini ulinzi huo wa kuachishwa isivyo haki haukuhusu, na mi ningemshauri mtu wa namna hiyo avute subira kidogo. Na kununiwa kupo. Kuna dada ofisini alinisalimia kwa "habari ya mchana" kila saa 10 kwa wiki mbili nzima, alichoka mwenyewe.

"Hayo ni mambo ya akina mama"

Majukumu ya familia hayana jinsia kwenye sheria. Baba mmoja wa kwetu mwanae yuko shule yenye mikondo miwili, anaingia mchana, aliomba kuingia saa 3 ili asubuhi akae naye, na alikubaliwa haraka kuliko mimi, hilo nalo nina maoni yangu ila tuliache.

"Mpeleke bweni uishi kwa amani"

Darasa la pili? Mwaka 2023 serikali ilizuia bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne. Na hata ingeruhusu.

Majaribio yangu yalipita, sasa ni mwaka. Nafika kwa jirani saa 11 na dakika kidogo, daftari linasainiwa kukiwa bado na mwanga. Isipokuwa siku mbili za mwisho wa mwezi za kufunga mahesabu, hizo hatukukubaliana na natoka saa 11 kama zamani, mtoto keshazijua, asubuhi anajibebea mwenyewe kitabu cha kuchora na kumwambia jirani "leo mama anafunga".