Mtoto mwenye usonji na choo: chunguzeni kwanza anachokiogopa

Miezi mitatu iliyopita mama mmoja kutoka Tandahimba alituletea mwanawe wa miaka 6 kwenye kitengo cha utengamao (huduma ya kumsaidia mtu amudu shughuli zake za kila siku), mjini Mtwara. "Ni mkaidi," alisema. "Nikimpeleka chooni anapiga kelele mpaka majirani wanatoka. Nikimtoa tu, anajisaidia pale pale mlangoni."

Nikamwomba anieleze hicho choo. Cha shimo, mlango wa gunia, tundu jeusi katikati, nzi wengi. Basi jibu lilikuwa humo. Watoto wengi wenye usonji (autism, yaani ubongo unaokua na kupokea mambo kwa namna tofauti) hupokea sauti, harufu na giza kwa nguvu kuliko sisi. Nzi ambao wewe huwasikii, kwake ni kelele ya mashine. Tundu lile analiona linaweza kummeza. Huyo si mkaidi, mama. Anaogopa.

Kwa hiyo tulianza na poti, kwenye kona moja ya ua, hapo hapo kila siku, miguu yake ikikanyaga chini vizuri. Akishazoea, poti inasogezwa hatua moja kuelekea chooni, inakaa hapo siku kadhaa, kisha hatua nyingine. Huku nyuma baba anarekebisha choo: majivu ya kupunguza harufu, mfuniko wa tundu, upenyo wa kuingiza mwanga, na mti imara wa kushika wakati wa kuchuchumaa.

Jambo la pili ni tumbo, na hapa ndipo wazazi wengi wanapokosea bila kujua. Watoto hawa mara nyingi huchagua sana chakula. Wapo wanaokula ugali na samaki tu, mwaka mzima. Choo kinakuwa kigumu, kinamuumiza, naye anaanza kukibana. Kile kigumu kikishaziba, kilaini hupenya pembeni na kuchafua nguo. Mzazi anadhani mtoto anaharisha, anampa dawa ya kufunga tumbo, na hali inazidi kuwa mbaya. Mtoto anayepata choo chini ya mara 3 kwa wiki, au anayelia akijisaidia, apelekwe kituo cha afya kabla ya mafunzo yoyote. Nyumbani aongezewe papai, embe, mboga za majani na maji. Najua kule Newala maji ni ya shida na ndoo hununuliwa, lakini kikombe cha mtoto huyu kisipunguzwe.

Kisha shika daftari. Kwa siku 3 au 4 andika saa anazolowa na saa anazopata choo. Utaona mpangilio. Wengi hupata haja kubwa dakika 20 hadi 30 baada ya kula, basi mketishe wakati huo, dakika 5 zinatosha. Usimuulize "unataka kukojoa?" kwa sababu huenda mwili wake haumpi taarifa mapema kwamba kibofu kimejaa. Mwambie kwa ufupi: "Choo sasa." Mwoneshe picha ya poti yake mwenyewe uliyoipiga kwa simu. Akifanikiwa, mpe papo hapo kitu anachokipenda. Ukisubiri jioni hataunganisha. Akijichafua, mbadilishe kimya kimya. Kumchapa kunamfundisha kujificha tu. Kukojoa kitandani kuacheni kwanza, huko ni baadaye.

Maneno yawe yale yale kwa bibi, dada na mwalimu. Msimu wa korosho mama anashinda shambani, bibi anamrudishia pampasi ili apumzike, na kazi ya miezi inapotea. Bibi naye aje kliniki. Na wale wanaoharakisha kwa sababu jando limekaribia, nawasihi: ratiba ya jando isiwe ratiba ya mwili wa mtoto huyu.

Mtoto wa Tandahimba bado hajaingia chooni. Poti yake iko hatua mbili kutoka mlangoni, na wiki iliyopita, baada ya uji, alichukua kopo la maji mwenyewe akaenda kukaa.