Umehesabu mizani 16? Bado hujachambua shairi

Dhana: Kila shairi la arudhi (linalofuata kanuni za vina na mizani) lina mizani, yaani silabi, 16 kwa kila mshororo.
Hiyo ni tarbia ya kawaida, yaani shairi la mishororo minne kwa ubeti: ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) mizani 8, utao (nusu ya pili) mizani 8. Mshororo wa utenzi una mizani 8 tu, na wa ukawafi, aina nyingine ya shairi la arudhi, una 15. Anayesoma utenzi akaandika "mizani imepungua" amemwonea mtunzi bure.

Dhana: Mizani ni idadi ya irabu.
Hesabu kipande hiki: m-tu a-me-fi-ka ja-na. Irabu 7, mizani 8, kwa sababu ile *m* ya mwanzo hutamkwa peke yake. Ndivyo ilivyo *n* ya "nchi" na *l* ya "Alhamisi". Lakini "mbuzi" ni mbili tu. Tamka kwa sauti, macho hudanganya.

Dhana: Shairi likitaja kifo au maangamizi, toni yake, yaani hisia anayosemea mshairi, ni huzuni.
Hapa ndipo majibu mengi ya mtihani huharibika. Katika shairi la kale Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anatuonyesha majumba yaliyobomoka ya Pate, mji wa kale wa pwani ya Kenya: vidaka vilivyopangwa sahani za kauri sasa vina makinda ya ndege. Huzuni ipo, sikatai. Ila anayesemeshwa ni moyo wa mshairi mwenyewe, nao unasutwa na kuhojiwa kwa kung'ang'ania dunia. Toni ni ya karipio. Umbo nalo linasaidia: kina (silabi ya mwisho) cha mwisho wa kila ubeti hakibadiliki, kwa hiyo kila picha mpya inaishia kwenye mlio uleule, kama mtu anayegonga mlango asiofunguliwa.

Sasa mtazame mshairi Mwana Kupona, aliyetunga utenzi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa. Kwa mantiki ile, tungetarajia maombolezo. Badala yake anamwita bintiye asogee, achukue wino na karatasi, kisha anausia. Mishororo ya mizani 8 inaenda kwa mwendo wa mazungumzo. Toni ni upendo wenye amri ndani yake, jambo ambalo orodha ya "huzuni, furaha, hasira" haiwezi kulibeba.

Dhana: Shairi huru, lisilofuata vina na mizani, halina umbo.
Kichomi, diwani ya Euphrase Kezilahabi (1974), kilichochea malumbano makali, na bado wapo wasemao huo si ushairi. Wabishe, lakini wasiache kuchambua: mshororo umekatwa wapi, neno gani limerudiwa, kwa nini neno moja limeachwa peke yake kwenye mstari.