Rais aliye madarakani atapita tena? Anza kwa kuhesabu wapinzani wake

Uchaguzi ukikaribia, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: rais atarudi au atabwagwa? Anayeuliza huwa tayari ana jibu lake na ushahidi mkononi. Mmoja ananionyesha picha ya uwanja uliofurika watu. Mwingine anasema maisha yamekuwa magumu, kwa hiyo hapiti. Wa tatu anaapa kwamba kila aliyezungumza naye amemchoka. Nimetumia miaka mingi kusoma majedwali ya matokeo, kituo kwa kituo, na kadiri ninavyoyasoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba mjadala huu tunauanzia mahali pasipostahili. Tunauliza rais anapendwa kiasi gani. Cha kuuliza kwanza ni hiki: wasiomtaka wamegawanyika vipi, na sheria inamtaka apate kura ngapi?

Tazama marais wawili. Desemba 1992, Daniel arap Moi alitetea kiti chake katika uchaguzi uliorudisha vyama vingi Kenya, akapata chini ya asilimia 37 ya kura. Februari 2012, Abdoulaye Wade wa Senegali alitetea chake, akapata asilimia 34.8. Kwa haraka ungesema hali yao ni moja: katika kila wapiga kura watatu, takribani wawili wamemkataa. Lakini Moi alikaa Ikulu miaka kumi zaidi, na Wade alishindwa kabla mwezi mmoja haujakwisha.

Kilichowatenganisha ni sheria. Kenya ya 1992 haikuwa na duru ya pili. Aliyeongoza ndiye aliyeshinda, mradi awe na asilimia 25 katika mikoa mitano kati ya minane. Kenneth Matiba, Mwai Kibaki na Jaramogi Oginga Odinga kwa pamoja walipata zaidi ya asilimia 60, ila kila mmoja alikuwa na fungu lake. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Senegali ilikuwa na wagombea 14, kwa hiyo upinzani wake ulikuwa umesambaratika hata zaidi ya ule wa Kenya, lakini sheria ilidai zaidi ya nusu. Ikaitishwa duru ya pili, walioshindwa wakamuunga mkono Macky Sall, na tarehe 25 Machi Sall aliyekuwa na asilimia 26 na ushei katika duru ya kwanza akapata takribani asilimia 66. Wade alimpigia simu usiku ule ule kumpongeza.

Ndiyo maana mtu akiniambia rais fulani ana asilimia 40 ya kura mkononi, siwezi kumwambia lolote mpaka nijue sheria ya ushindi ya nchi hiyo. Asilimia 40 inaweza kuwa ushindi mnono, na inaweza kuwa kaburi.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Malawi, kwa sababu pale mtu yule yule alipimwa kwa mizani mbili ndani ya miezi 13. Mei 2019 Peter Mutharika, rais aliyekuwa madarakani, alitangazwa mshindi kwa asilimia 38.57. Wapinzani wake, Lazarus Chakwera alipata 35.41, na Saulos Chilima 20.24. Walalamikaji wakaenda mahakamani wakiwa na karatasi za matokeo ambazo tarakimu zake zilikuwa zimefutwa kwa wino mweupe na kuandikwa upya. Februari 2020 Mahakama ya Katiba ikaufuta uchaguzi huo, na ikafanya jambo jingine ambalo nje ya Malawi halikuzungumzwa sana: ilisema neno "wingi" katika sheria ya ushindi maana yake ni zaidi ya nusu ya kura zote. Siku hiyo hesabu ya Mutharika ilibadilika hata kabla mpiga kura mmoja hajabadili mawazo. Chakwera na Chilima wakaungana, Chilima akiwa mgombea mwenza. Jumlisha asilimia zao za 2019, unapata 55.65. Uchaguzi wa marudio wa tarehe 23 Juni 2020 ulimpa Chakwera takribani 59.

Sasa mtazame Mutharika. Alipata karibu asilimia 40. Alishindwa akiwa na fungu kubwa kidogo kuliko lile lililompa ushindi mwaka mmoja kabla. Wafuasi wake hawakumkimbia. Mtu aliyekuwa akipima "mapenzi ya wananchi kwa rais" kwa mwaka mzima ule angeona mstari umenyooka tu, asijue kinachokuja.

Zambia nayo ina funzo lake, la aina tofauti kidogo. Mwaka 2016 Rais Edgar Lungu alimshinda Hakainde Hichilema kwa kura takribani milioni 1.86 dhidi ya milioni 1.76. Agosti 2021 walikutana tena, wawili hao hao, sheria ile ile ya zaidi ya nusu. Lungu akapata takribani milioni 1.87. Hichilema akapata milioni 2.85. Rudia kuisoma: rais aliyebwagwa kwa pengo la karibu kura milioni moja hakupoteza kura kwa ujumla wake. Bila shaka wapo waliomhama na wapo waliojiunga naye, lakini debe lake lilijaa kama la mara ya kwanza. Waliofanya kazi ni wale ambao 2016 walibaki nyumbani au walikuwa bado watoto. Waliojitokeza walipanda kutoka asilimia 56 hivi hadi zaidi ya 70. Nchi ilikuwa imeshindwa kulipa hati fungani yake ya nje Novemba 2020, na mfumuko wa bei katikati ya 2021 ulikuwa umepita asilimia 24. Kijana aliyefikisha umri wa kupiga kura katikati ya hali hiyo hakuhitaji kushawishiwa aache kumpenda Lungu. Hakuwa amewahi kumpenda.

Kwa hiyo umati wa kampeni haunipi jibu, hata ukiwa wa kweli, hata kama hakuna aliyeletwa kwa basi. Waliojaa uwanjani kwa rais ni wale aliokuwa nao. Mimi namtafuta asiyekuwepo.

Si kila mara mambo huwa hivyo. Goodluck Jonathan wa Nigeria alipata zaidi ya kura milioni 22 mwaka 2011, na mwaka 2015 akabaki na chini ya milioni 13. Huyo alikimbiwa kweli. Boko Haram walikuwa wameteka maeneo ya kaskazini mashariki, wasichana wa shule ya Chibok walikuwa wametekwa tangu Aprili 2014, na sehemu ya vigogo wa chama chake walihamia upinzani. Lakini hata hapo, jambo la kwanza lililotokea ni la hesabu: mwaka 2013 vyama vikubwa vya upinzani viliungana vikawa chama kimoja, APC. Muhammadu Buhari, mgombea wa chama hicho aliyemshinda Jonathan, alikuwa ameshashindwa mara tatu, na kura zake hazikuwahi kuvuka vizuri kutoka kaskazini kwenda kusini magharibi. Muungano ule ndio uliomjengea daraja. Hasira ya wananchi bila daraja hilo ingegawanyika kama ilivyogawanyika kabla.

Kuhusu uchumi nina maneno machache, maana hapa ndipo watu hujiamini kupita kiasi. Ni kweli hali ngumu humuumiza rais. Ila kinachopigiwa kura ni hali inavyomgusa mtu mfukoni, na mfuko huchelewa kuliko takwimu. Machi 1991, baada ya vita vya Ghuba, George H. W. Bush wa Marekani aliungwa mkono na asilimia 89 katika utafiti wa Gallup. Mdororo wa uchumi ulimalizika mwezi huo huo, ingawa taasisi inayotangaza rasmi mwanzo na mwisho wa mdororo ilisema hivyo Desemba 1992, wakati yeye ameshashindwa. Katikati, ukosefu wa ajira uliendelea kupanda hadi asilimia 7.8 mwezi Juni 1992. Kuna kipande cha mdahalo wa Oktoba 15, 1992, mjini Richmond, ambacho nimekitazama mara nyingi. Mwanamke katika hadhira anasimama kuuliza deni la taifa limewagusaje wagombea wao wenyewe, na kwa maneno yake ni dhahiri anazungumzia ukosefu wa kazi. Wakati swali linaulizwa, Bush anatazama saa yake. Kisha anaanza kujibu kuhusu riba. Bill Clinton anamsogelea yule mama na kumuuliza kwanza yeye limemgusaje. Novemba Bush alipata asilimia 37.4 tu, Clinton 43, na mgombea binafsi Ross Perot karibu 19.

Marekani yenyewe ni ushahidi kwamba kanuni hutangulia umaarufu. Mwaka 2020 Donald Trump alizidiwa kwa zaidi ya kura milioni saba nchi nzima. Pengo lake katika majimbo ya Arizona, Georgia na Wisconsin, ukilijumlisha, halikufika 43,000. Majimbo hayo matatu yangekwenda upande wake, yeye na Joe Biden wangetoka sare ya kura 269 kwa 269 za wajumbe wa majimbo, ambazo ndizo huamua nani awe rais pale.

Nikipewa jedwali la utafiti wa maoni, macho yangu hayaendi kwa anayeongoza. Huenda kwenye zile safu za mwisho zilizoandikwa "sijaamua" na "sitaki kusema". Rais anajulikana na kila mtu, ameonekana kwenye runinga kila siku kwa miaka mitano. Ambaye hadi wiki za mwisho hajaamua kumpa kura, mara nyingi anatafuta sababu ya kumpa mwingine, au anatafuta sababu ya kubaki nyumbani. Na pale ambapo kumpinga mkuu wa nchi kuna gharama, "sitaki kusema" ni jibu lenye maana, si pengo la kurukwa. Nawasihi wanaochapisha tafiti hizi waache kuzitupa safu hizo na kugawa upya asilimia kana kwamba watu hao hawakuwepo. Ni kumnyima msomaji jambo muhimu kuliko yote.

Kuna swali jingine ambalo lazima litengwe: kupata kura na kutangazwa mshindi ni vitu viwili. Rais aliyeko Ikulu ana ratiba ya serikali, vyombo vya habari vya umma, polisi wanaotoa au kunyima vibali vya mikutano, na mara nyingi ndiye aliyewateua wanaosimamia uchaguzi. Yahya Jammeh wa Gambia alikubali kushindwa Desemba 2, 2016, wiki moja baadaye akageuka, na hakuondoka hadi Januari 21, 2017, majeshi ya nchi jirani yakiwa yameshaingia. Ukibishana na mtu kuhusu nafasi ya rais, aseme waziwazi anazungumzia nafasi ipi kati ya hizo mbili. Mabishano mengi niliyoyashuhudia yalikuwa ya watu wawili wanaojibu maswali tofauti.

Nguvu hiyo ya kiti ndiyo inayoeleza kwa nini vyama tawala huanguka zaidi rais anapomaliza muhula wake na kumwachia mwingine agombee. Ghana imebadilisha chama tawala mwaka 2000, 2008, 2016 na 2024, na ni mara moja tu, 2016, ambapo rais mwenyewe, John Mahama, alikuwa kwenye karatasi ya kura. Kenya, hadi uchaguzi wa 2022, hakuna rais aliyetangazwa kushindwa akitetea kiti chake. KANU, chama cha Moi, ilianguka 2002, yeye akiwa hagombei na upinzani ukiwa umesimama nyuma ya Kibaki peke yake.

Narudi Malawi, maana hesabu ile iliendelea. Chakwera aliingia Ikulu kwa nguvu ya muungano. Juni 2024 Chilima, makamu wake, alifariki katika ajali ya ndege. Chama cha Chilima kikajitoa kwenye muungano, kikasimamisha mgombea wake. Mafuta yalikuwa adimu, bei zilipanda. Wengi waliojadili uchaguzi wa Septemba 2025 walizungumzia umri wa Mutharika, aliyerudi kugombea, na faida alizokuwa nazo Chakwera za kuwa madarakani. Chakwera akaenda kwenye debe na fungu lake peke yake, chini ya sheria ile ile ya zaidi ya nusu iliyompa urais. Alipata takribani asilimia 33, si mbali na zile 35 alizokuwa nazo 2019 kabla hajaungana na mtu. Mutharika alipata karibu 57, akaapishwa tena Oktoba 4 akiwa na miaka 85.