Macho ya paka kwenye skrini ya gia

Simu ilinikuta Mwanga, hapa Kigoma, nimelala chali chini ya Noah ya mteja. "Fundi, njoo Kibirizi haraka, kuna gari nyumba la Wazungu limekataa gia." Kwa asiyelijua, gari nyumba ni basi zima lenye kitanda, jiko na choo ndani. Nililikuta limeziba njia ya wabeba magunia ya dagaa, na kila aliyepita alikuwa na lake la kusema. Fundi mwenzangu aliyenitangulia alikuwa ameshatoa hukumu: gia boksi imekufa, ishushwe.

Gari lenyewe halina kijiti cha gia. Limefungwa otomatiki ya Allison, ya Kimarekani, inayotumika kwenye malori na mabasi mengi. Dereva anabonyeza vitufe tu: R (kurudi nyuma), N (gia huru), D (kwenda mbele), na mishale miwili, wa juu na wa chini. Skrini ndogo huonyesha tarakimu mbili; ya kushoto inakwambia umeomba gia hadi ipi, ya kulia gia iliyoingia kweli. Siku hiyo skrini ilikuwa na alama zisizosomeka kabisa, zile ambazo wanaozifahamu gia hizi huziita macho ya paka. Stata nayo kimya, maana kompyuta ya gia isipothibitisha kwamba gari liko N, haitoi ruhusa ya kuwasha injini.

"Shikamoo mzee, lilianzaje?" Mzee alikuwa na Kiswahili cha kuombea maji, lakini alinieleza vizuri: tangu barabara ya Mpanda lilikuwa linafanya hivyo, anazima swichi, anawasha tena, linapona. Hapo nikaacha kabisa kuifikiria gia boksi. Kilichovunjika ndani ya gia boksi hakiponi kwa kuzima na kuwasha swichi.

Kwa kawaida ukibonyeza mishale yote miwili kwa pamoja, skrini inakuletea kodi za hitilafu, yaani namba zinazotaja tatizo. Macho ya paka hayana kodi, kwa sababu maana yake ni kwamba sehemu ya vitufe haiongei na kompyuta. Basi ama waya kati yao una tatizo, ama kompyuta haijaamka kwa kukosa umeme wa kutosha. La pili ndilo rahisi kupima, nikaanza nalo, baada ya kuweka mawe kwenye matairi.

Betri ilisoma volti 12.6. Fyuzi nzima. Nikachomoa soketi ya kompyuta, nikapima kati ya waya wake chanya na waya wake hasi: 12.4. Kijana wangu akafurahi, "Umeme upo, fundi!" Ndipo wengi wanapoponzwa, na mimi niliponzwa hapo miaka mingi. Mita inavuta umeme mdogo mno kiasi kwamba hata waya uliobakiwa na unyuzi mmoja unaweza kuipa usomaji mzuri. Ni sawa na bomba lililoziba kwa uchafu: ukilifunga, geji inasoma presha kamili, ukilifungua uoge, yanatoka matone.

Kwa hiyo mimi natembea na balbu ya taa ya breki, wati 21, niliyoiunganishia nyaya mbili. Kwenye volti 12 inavuta karibu ampea 1.75, mzigo mdogo lakini wa kweli. Nilipoiunga kwenye nyaya zile zile, iliwaka nyekundu kama ncha ya sigara, na mita ikashuka hadi volti 4. Sasa swali likawa volti 8 na ushee zimepotelea wapi. Nikaiacha balbu inawaka, nikapima upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri hadi kwenye soketi: volti 0.3. Nikahamia upande wa hasi, kutoka kichwa cha hasi cha betri hadi waya hasi wa soketi: 8. Mwizi kapatikana. Hasi ukiwa mzima hautakiwi kupoteza zaidi ya volti 0.2.

Nikaufuata ule waya. Kumbe aliyejenga nyumba juu ya chesisi hakuupeleka moja kwa moja kwenye betri inavyotakiwa. Aliufunga kwa bolti kwenye chesisi, akapaka rangi juu. Kwa nje paling'aa. Nilipofungua, chini ya kichwa cha waya kulikuwa na unga wa kutu. Mzee akaniambia gari limekaa miaka mingi nchi ambazo wakati wa theluji wanamwaga chumvi barabarani. Chumvi ya Uvinza sisi tunatilia mboga, wenzetu wanaikanyagia matairi.

Nilikata kichwa kile, nikabana kipya, nikavuta waya hadi hasi ya betri yenyewe. Nikapima tena balbu ikiwa inawaka: 0.05.

Kabla sijasahau, mawili kwa wenzangu. Gari lenye kompyuta za namna hii usilichomelee kabla ya kutenganisha betri na kuchomoa soketi za kompyuta. Nimeona kompyuta iliyokufa kwa sababu ya kuchomelea bampa tu. Na vijana wa kuosha magari wasielekeze maji ya presha kwenye soketi za gia boksi. Maji yakiingia pale utayatafuta macho ya paka wiki nzima.

Mzee alifungua swichi. Skrini ikaonyesha N na N. Stata ikazunguka, injini ikakamata. Akakanyaga breki, akabonyeza D, ikaja 6 kushoto na 1 kulia. Kijana wangu akatoa mawe, na wabeba magunia wakaanza kupiga kelele gari lisogee.