Jeshi la Sullivan lililala hapa. Lilikula nini?

Kwenye barabara zinazotoka Elmira kwenda Geneva, jimbo la New York, kuna vibao vya chuma vya buluu vyenye herufi za manjano. Vingi vinasema jambo moja kwa maneno machache: jeshi la Jenerali John Sullivan, la Wamarekani waliokuwa wakipigania uhuru dhidi ya Waingereza, lilipita au kupiga kambi hapa mwaka 1779. Mimi ni mtu wa historia ya vita, na huulizwa mara kwa mara kama vibao hivi ni vya kuaminika.

Kuhusu mahali, kwa sehemu kubwa ndiyo. Sullivan alikuwa na wapima ardhi. Benjamin Lodge na watu wake waliipima njia kwa mnyororo na dira. Maofisa nao waliandika shajara: leo tumetembea maili kadhaa, tumelala kando ya kijito fulani. Jimbo lilizichapisha shajara hizo pamoja mwaka 1887. Kwa hiyo programu ya vibao ilipoanza mwaka 1926, kuadhimisha miaka 150 ya mapinduzi ya Marekani, ushahidi ulikuwa tayari mezani.

Kinachonisumbua ni kile ambacho kibao kimeacha, na dalili yake iko kwenye tarehe yenyewe. Jeshi lilipita mwishoni mwa Agosti na Septemba, na huo ndio wakati wa mahindi kukomaa katika nchi ile. Na mazao ndiyo yaliyolengwa. Mwaka 1778 wapiganaji wa Waingereza na washirika wao Wahaudenosaunee, muungano wa mataifa ya wenyeji unaoitwa pia Iroquois, walikuwa wameshambulia bonde la Wyoming huko Pennsylvania na kijiji cha Cherry Valley, New York, na raia waliuawa. Jibu la George Washington, kamanda mkuu wa jeshi la Marekani, katika maagizo yake ya tarehe 31 Mei 1779, lilikuwa kwamba nchi ya maadui hao isivamiwe tu, bali iangamizwe: mazao yaliyomo shambani yaharibiwe, na watu wazuiwe kupanda mengine.

Baada ya mapigano ya Newtown, karibu na Elmira ya leo, tarehe 29 Agosti, Sullivan aliwaomba askari wakubali nusu posho ya nyama na unga. Walikubali kwa shangwe, kwa sababu mashamba ya Wahaudenosaunee yaliwazunguka, yamejaa mahindi, maharage na maboga. Shajara zinaeleza hata mapishi. Mahindi yalipokuwa yamekomaa mno kwa kuchoma au kuchemsha, askari walitoboa matundu kwenye masufuria mabovu, wakayageuza vikunio, wakakuna mahindi hadi wakapata unga wa kupikia. Hiyo ndiyo kambi inayotajwa na kibao: watu wanakula mavuno ya wenyeji usiku, na asubuhi wanayateketeza yaliyobaki.

Chenussio, mji mkubwa wa Waseneca, mojawapo ya mataifa ya Wahaudenosaunee, ulikuwa na nyumba 128. Katika ripoti yake Sullivan alihesabu miji 40 iliyochomwa na mahindi busheli 160,000 yaliyoharibiwa (busheli ni kipimo cha takriban lita 35). Miti ya matunda nayo ilikatwa, na huo kwangu ndio ukatili unaosema mengi zaidi, kwa sababu mahindi hurudi msimu ujao, lakini mti wa tofaa unahitaji miaka.

Zaidi ya wenyeji 5,000 walikimbilia ngome ya Waingereza ya Niagara, wakapitisha huko majira ya baridi ya 1779–80, mojawapo ya makali kabisa ya karne ile. Wengine walikufa kwa njaa, baridi na maradhi. Mwaka 1790 Cornplanter, kiongozi wa Waseneca, alimwambia Washington ana kwa ana kwamba walimpa jina la Mharibu Miji, na kwamba hadi siku ile wanawake wao wakilisikia hugeuka kutazama nyuma, na watoto hung'ang'ania shingo za mama zao.

Hata kijeshi, faida ilikuwa ndogo. Mashambulizi ya mipakani yalirudi mwaka 1780, safari hii yakifanywa na watu waliopoteza kila kitu. Kilichodumu ni sifa za udongo ule ambazo askari walirudi nazo nyumbani; vita vilipokwisha, walowezi waliifuata ardhi hiyo.

Sitaki vibao ving'olewe. Vimetunza mahali kwa uaminifu, na mahali ndipo utafiti unapoanzia. Ningeomba tu mstari mmoja zaidi chini ya jina la jenerali: jina la mji uliokuwa jirani na kambi ile, kwa lugha ya walioishi humo, na siku ulipochomwa.