Kwa nini rovu huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba rovu, ule uvimbe wa mbele ya shingo, huletwa na mizigo. Mama yangu mdogo alibeba magunia ya muhogo kutoka ziwani hadi soko la Kadutu, hapa Bukavu, kamba ikiwa imepita kwenye paji la uso, na kila alipopanda mlima mishipa ya shingo ilimsimama kama mizizi. Shingo ilipovimba, nyumbani sote tulisema: ni kamba.

Si kamba. Kamba huumiza misuli ya shingo, lakini haikuzi tezi ya thairoidi, ile yenye umbo la kipepeo iliyokaa kwenye koo. Kisiwani Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, watafiti wa miaka ya 1960 waliikuta rovu hata kwa watoto na wanaume. Iodini, madini ambayo tezi hii huyahitaji, ilikuwa haba kisiwa kizima, ila rovu ilizidi kaskazini, na uchunguzi uliofuata uliugeukia muhogo: usipolowekwa vizuri, sumu yake hugeuka mwilini kuwa thaiosianati, inayoizuia tezi kunasa iodini. Muhogo ulihusika, basi, lakini kwa njia ya sahani, si ya mgongo.

Mbona wanawake zaidi? Tezi hutengeneza homoni ya thairoksini kwa kutumia iodini. Ikiingia kwenye damu, zaidi ya sehemu 99 kati ya 100 hubebwa na protini. Wazia abiria wa motari: akiwa bado juu ya pikipiki, hawezi kuingia nyumba yoyote kufanya kazi. Wanaofanya kazi ni wale wachache wanaotembea kwa miguu. Mimba ikiingia, estrojeni, homoni ya kike, hupanda, na ini huachia pikipiki nyingi zaidi barabarani. Kila moja inazoa abiria wake. Wa miguu wanapungua, na tezi inaamriwa kutoa wengine mpaka pikipiki zijae na wa miguu wabaki wa kutosha. Kazi yake huongezeka kwa karibu nusu. Wakati huohuo figo humwaga iodini zaidi kwenye mkojo, mtoto tumboni anachukua yake, kisha maziwa nayo yanadai. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri mikrogramu 250 za iodini kwa siku kwa mjamzito na anayenyonyesha, wakati watu wazima wengine wanahitaji 150. Ikikosekana, tezi inayosukumwa hivyo hukua.

Hata penye iodini ya kutosha, wanawake bado wanaongoza, kwa kuwa kinga yao huishambulia tezi mara nyingi zaidi. Huenda kromosomu X mbili, vibeba urithi ambavyo mwanaume ana kimoja tu, zinahusika. Mwaka 2024 watafiti wa Stanford walionyesha kwa panya kwamba molekuli ya Xist, inayozima X moja, inaweza kuchochea kinga kujishambulia. Lakini walichunguza ugonjwa wa aina ya lupasi, ambapo kinga hushambulia viungo vingi vya mwili, si wa thairoidi.

Mama mdogo alikuwa na shanga za shingoni, na uzi wake aliurefusha mara 3. Nikikumbuka vizuri, kila mara mgongoni hapakuwa na gunia, palikuwa na mtoto mchanga.