Unajua kufuma kwa sindano mbili? Usiyaamini yote unayoambiwa kuhusu kroshia

Mtu aliyezoea kufuma sweta akisema sasa anataka kujifunza kroshia, yaani ufumaji wa sindano moja yenye ndoana, hukutana na washauri wa aina mbili. Mmoja atamwambia, "Wewe hutapata shida, si uzi ni uleule?" Mwingine atamwambia, "Achana nayo, mikono yako imeshazoea kitu kingine, utachanganyikiwa tu." Wote wawili wanadhani ugumu uko mikononi, na hapo ndipo wanapokosea. Mikono hujifunza upesi. Kinachomwangusha mfumaji ni jicho lake, yaani ile namna aliyozoea ya kuhesabu vitanzi na kuisoma kazi iliyo mbele yake.

"Ukijua kufuma, kroshia umeshaijua nusu"

Swali ni nusu ipi. Kuchagua uzi, kufuma sampuli na kuipima kabla ya kuanza, kufuata maelezo marefu bila kupotea, kufumua mistari mingi bila kununa: hayo yote unakuja nayo, na si madogo. Ila kazi yenyewe imejengwa kwa njia nyingine kabisa. Katika kufuma, mstari mzima uko hai. Kama una vitanzi 80, vyote 80 viko wazi juu ya sindano vikingoja zamu yao, na sindano ikichomoka, roho inaruka. Katika kroshia kilicho hai ni kitanzi kimoja tu, kile kilichobaki kwenye sindano. Mshono ukishamalizwa umefungwa, nawe unasonga mbele.

Tofauti hiyo inaonekana ya kawaida mpaka ufike kwenye kuhesabu. Mfumaji huhesabu vilivyo kwenye sindano, kwa sababu kila kitanzi pale ni mshono. Kwenye kroshia, kitanzi kilicho kwenye sindano hakihesabiwi hata mara moja. Kinachohesabiwa ni zile alama zenye umbo la V zilizolala juu ya ukingo wa kazi, kila V mshono mmoja. Mgeni akikijumlisha kitanzi cha sindano, anajiona amefikisha 20 kumbe ana 19. Anageuza. Mstari unaofuata anarudia hesabu ileile, anapata 18. Baada ya muda kitambaa kilichotakiwa kuwa mraba kinakuwa pembetatu, naye anaamini kwamba uzi unamchezea.

Halafu kuna pete za kupandia, jambo ambalo kufuma hakuna. Ukimaliza mstari wa kufuma unageuza kazi na kuendelea, basi. Ukimaliza mstari wa kroshia lazima kwanza upande hadi kimo cha mishono inayofuata, kwa kufunga pete za mnyororo, yaani vitanzi vinavyovutwa kimoja ndani ya kingine. Kwa mshono mfupi, ule wa kupenyeza sindano, kuvuta kitanzi kisha kuvipitisha vyote viwili pamoja, unapanda kwa pete moja, na kwa kawaida pete hiyo haihesabiwi. Mshono wako wa kwanza unaingia kwenye V ya kwanza kabisa. Kwa mshono mrefu, ule unaouzungushia sindano uzi mara moja kabla ya kupenya, unapanda kwa pete tatu, na pete hizo mara nyingi huhesabiwa kuwa ndizo mshono wa kwanza. Kwa hiyo unairuka V ya kwanza na kuanzia ya pili. Na mstari wa juu ukifika mwisho, lazima upenye kwenye kichwa cha zile pete tatu, mahali ambapo jicho la mfumaji haliwezi kuamini kwamba kuna mshono. Hapo ndipo mishono inapopotelea, karibu kila mara.

Dawa yake ni ndogo mno. Kila unapofuma mshono wa kwanza na wa mwisho wa mstari, upitishie kipande cha uzi wa rangi nyingine au pini. Baada ya mistari michache jicho litaanza kuiona lenyewe.

"Mkono unaokaza uzi ni mtaji"

Wafumaji wengi wana tabia ya kuuvuta uzi kidogo baada ya kila kitanzi ili vitoshane. Kwenye sindano ya kufuma haina madhara, kwa kuwa mwili wa sindano una unene mmoja na ndio unaoamua ukubwa wa kitanzi. Sindano ya kroshia haiko hivyo. Ina ndoana kichwani, chini yake kuna shingo nyembamba, kisha ndipo mwili wenyewe. Ile namba ya milimita iliyoandikwa ni ya mwili. Ukivuta uzi kitanzi kikiwa shingoni, unapata kitanzi chembamba kuliko ulivyokusudia, na mstari wa juu yake ndoana inagoma kupita. Unaisukuma, inanasa, inachana nyuzi katikati.

Hapo wengi hukimbilia kutafuta sindano kubwa zaidi. Mimi naona wasubiri kwanza. Kabla ya kuumaliza kila mshono, hakikisha kitanzi kimeteremka hadi kwenye mwili wa sindano, kisha ndipo umalizie. Sindano kubwa ina mahali pake, napo ni mnyororo wa kwanza, ule ambao kazi nzima hujengwa juu yake: huo ufunge kwa sindano iliyozidi namba moja, halafu urudi kwenye ya kawaida. Usipofanya hivyo ukingo wa chini unajikunja na kuwa mfupi kuliko sehemu iliyobaki.

Kuhusu mkono upi ushike uzi, anayetumia mkono wa kulia na ambaye wakati wa kufuma huongoza uzi kwa kushoto ana nafuu, maana ndivyo kroshia inavyotaka. Aliyezoea kuurusha uzi kwa mkono wa kulia atalazimika kuufundisha wa kushoto kazi mpya. Ni usumbufu, lakini wa muda.

Kosa lisilosemwa sana ni mwelekeo wa uzi. Katika kroshia ya kawaida uzi hupita juu ya sindano ukitokea nyuma kuja mbele, ndipo ndoana inaudaka. Mfumaji aliyezoea kuchota uzi huielekeza ndoana juu ya uzi na kuunyakua kutoka huko, na mishono inatoka na umbo la X badala ya V. Si dhambi. Wanaotengeneza wanasesere wa kujazwa pamba hufanya hivyo makusudi, kwa sababu mshono wa X hubana zaidi na hauonyeshi kilichomo ndani. Tatizo ni kuchanganya: mstari huu X, ule V, na kazi inaonekana imefumwa na watu wawili wasioelewana.

"Kroshia hutoa kitambaa kigumu, haifai kwa nguo"

Anayesema hivi kwa kawaida amefanya hivi: amechukua uzi unaotakiwa kufumwa kwa sindano ya milimita 4, akachukua sindano ya kroshia ya milimita 4, akafuma mshono mfupi mtupu mwanzo hadi mwisho. Lazima kitoke kigumu. Mshono wa kroshia una nyuzi nyingi zilizorundikana mahali pamoja kuliko kitanzi cha kufuma, kwa hiyo unahitaji nafasi. Ongeza milimita moja au mbili, au tumia uzi mwembamba zaidi, au hamia kwenye mishono mirefu, au penya uzi mmoja tu wa nyuma wa ile V badala ya zote mbili. Kila moja kati ya hizo hulegeza kitambaa, na ukiunganisha mbili utashangaa.

Hata kuvutika kunawezekana. Upo mshono wa kuteleza, mfupi kuliko yote, ambao ukifumwa kwa kupenya uzi wa nyuma pekee hutoa kitambaa kinachonyumbuka kama kiuno cha sweta. Huko Uskoti mwanzoni mwa karne ya 19 ufumaji wa aina hiyo ulijulikana kuwa ni wa wachungaji. Na kama ni wepesi unaoutafuta, tazama kazi za kroshia za Ireland. Miaka ya 1840, njaa kuu ilipoikumba nchi hiyo baada ya viazi kuoza, wanawake na watoto walifundishwa kufuma maua na majani kwa uzi mwembamba wa pamba, na kazi hizo zikauzwa kwa matajiri kuwa mapambo ya nguo. Hakuna aliyeziita ngumu.

Hata hivyo dhana hii ina punje ya kweli ndani yake. Kitambaa kilichofumwa kwa sindano mbili huvutika na kurudi chenyewe bila kulazimishwa. Soksi mimi nitaendelea kuzifuma.

"Kroshia inakula uzi zaidi, theluthi nzima"

Kiwango hicho hurudiwa kana kwamba ni sheria. Mshono mfupi uliobana, ndiyo, hutumia uzi mwingi kuliko ufumaji wa kawaida wa eneo lilelile. Wavu wa mishono mirefu yenye nafasi katikati hutumia kidogo. Fuma vipande viwili vya sentimita 10 kwa 10, kimoja kwa kila njia, uviweke kwenye mizani ya jikoni. Jibu la uzi wako utalipata hapo.

"Kroshia ndiyo ya kale, kufuma kulitokana nayo"

Mantiki yake inaeleweka: sindano moja lazima iwe imetangulia mbili. Ushahidi unasema vingine. Vipande vilivyofumwa kwa sindano vimepatikana Misri na ni vya enzi za kati za Kiislamu. Kuna soksi za kale zaidi, pia za Misri, zenye kidole gumba kilichotengwa, ambazo watu huzitaja mara nyingi kuwa za kufumwa au hata za kroshia. Sizo. Zilitengenezwa kwa sindano moja yenye tundu, kwa kupitisha vipande vifupi vya uzi ndani ya vitanzi, ufundi wa tatu unaojitegemea. Kroshia tunayoijua inaonekana kwenye machapisho katika miaka ya 1820, Uholanzi. Kufikia wakati huo kufuma kulikuwa na mashine yake kwa zaidi ya karne mbili, tangu Mwingereza William Lee alipobuni ya kufumia soksi mwaka 1589.

Kwa kroshia, viwanda bado havina mashine kama hiyo. Nguo za dukani zenye sura ya kroshia ama ni mwigo wa mashine za kufuma, ama zimetoka mikononi mwa mtu. Ukikuta ya kroshia halisi kwa bei ya kutupwa, jiulize huyo mtu alilipwa nini.

"Kitanzi kimoja ni upungufu"

Mfumaji akitoka kwenye sindano iliyojaa vitanzi huiona kroshia kama kazi ya mtoto. Mwanahisabati Daina Taimina, mzaliwa wa Latvia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cornell, aliligundua jibu kwa njia ya vitendo mwaka 1997. Alitaka mfano wa kushikika wa aina ya uso uliopinda ambao wanahisabati huusoma, uso unaozidi kutanuka kadiri unavyotoka katikati. Kanuni ya kuufuma ni rahisi: kila baada ya idadi fulani ya mishono unaongeza mmoja, bila kuacha. Alianza kwa sindano za kufuma. Vitanzi vikazidi kuongezeka mpaka kazi haikushikika. Akahamia kroshia, na kwa kuwa mstari uwe na mishono 30 au 3,000 kilicho hai ni kitanzi kimoja, tatizo likaisha. Kofia, wanasesere, maua, kitu chochote kinachopinda au kinachobadili mwelekeo ghafla, kinafaidika na jambo hilohilo.

Kuna kroshia ya Kitunisia, yenye sindano ndefu: unaokota vitanzi vya mstari mzima kama katika kufuma, kisha unavifunga ukirudi. Wapo wanaowashauri wafumaji waanzie huko kwa kuwa ni daraja. Siafiki. Inakurudisha kwenye mazoea yaleyale ya kuhesabu vilivyo kwenye sindano, na hayo ndiyo yanayotakiwa kuvunjwa kwanza. Ijifunze baadaye, ni nzuri.

"Maelezo ni maelezo, nitayasoma tu"

Kabla ya mstari wa kwanza tafuta yameandikwa kwa utaratibu wa nchi gani. Mshono ambao Wamarekani huuita mmoja, Waingereza huuita maradufu. Ambao Wamarekani huuita maradufu, Waingereza huuita wa mara tatu. Ukikosea, blanketi linatoka na kimo kingine kabisa. Wala usijaribu kugeuza maelezo ya sweta ya kufuma yawe ya kroshia kwa kubadilisha majina tu: kitanzi cha kufuma ni kipana kuliko kimo chake, mshono mfupi wa kroshia unakaribia mraba, na mshono mrefu una kimo kinachozidi upana. Hesabu ya mistari haitakubaliana kamwe.

Kama unataka pa kuanzia pasipo na hesabu ya kubadilisha, chukua skafu uliyokwisha kuifuma na uizungushie ukingo wa mshono mfupi. Ubavuni penya mishono mitatu kwa kila mistari minne, kwenye kila kona weka mitatu ndani ya tundu moja. Ukingo ukitoa mawimbi punguza. Ukiikunja skafu ongeza.